Wahandisi waliotupangia mifumo upya: nyota nne kati ya tano

Kampuni yetu hapa Kampala inasafirisha makontena kutoka Mombasa kupitia Malaba. Tulikuwa na programu sita, kila idara na yake, na kila mbili zilipotakiwa kuzungumza fundi alizifunga moja kwa moja. Sita zikifungana zote ni viungo 15. EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), ulipokuwa wa lazima Januari 2021, tatu kati ya hizo zilikuwa zinatoa ankara, kwa hiyo zote tatu zilibidi zifundishwe kuongea na URA. Baadaye tukaita wahandisi wa hapahapa mjini watuhamishie kwenye usanifu wa huduma, yaani kila kazi inafanywa na programu ndogo moja (huduma) ambayo nyingine zote zinaiomba.

Nawasifu kwa jambo moja kuliko yote. Kabla ya kugusa kompyuta waliwakalisha meza moja watu wa uhasibu, wa ghala na makarani wa forodha, wakauliza: taarifa za mteja ni mali ya nani? Wakatuonyesha mteja mmoja mwenye TIN (namba ya mlipakodi) moja na majina matatu: ghala wanamwita kwa jina la duka lake, uhasibu kwa jina la kampuni, forodha kwa jina lake mwenyewe. Tulibishana mchana kutwa, mwishowe uhasibu wakakabidhiwa taarifa hizo. Sasa programu yoyote inayotaka jina inaiuliza huduma ya wateja. Hakuna anayeweka nakala yake pembeni.

EFRIS nayo ina huduma moja tu. Inapeleka ankara, inapokea FDN (namba ya ankara inayotolewa na URA) na msimbo wa QR, inamrudishia aliyeomba. URA wakibadilisha kitu, tunagusa mahali pamoja. Katikati wameweka Apache Camel, inayopitisha taarifa kati ya programu, na ActiveMQ, foleni inayozihifadhi mpaka zipokelewe, zote za bure. Mtandao wa Malaba ukikatika, taarifa ya lori lililovuka inangoja kwenye foleni, ukirudi inaendelea yenyewe. Karani haandiki upya.

Nyota moja nimeikata kwa ufuatiliaji. Ankara ikikwama, ombi limeshapita huduma kadhaa, na hawakuliwekea namba moja ya kulifuata mpaka tulipodai. Pia maelezo ya kila huduma, inapokea nini na inarudisha nini, walituachia nusu. Kijana mpya wa IT atafanyaje kazi hapo?

Mwenye programu mbili asijisumbue, gharama haitarudi. Sisi tunawarudia kwa hesabu za mafuta, ila safari hii maelezo kamili yameandikwa kwenye mkataba kama sharti la malipo ya mwisho.