Mrija wa damu wa PAXgene: mzuri sana, ila uulinde na joto la Moroto

Nafanya kazi ya maabara Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na wengi ninaowatoa damu wanaishi nyumba moja na mgonjwa wa TB. Hawakohoi, wala makohozi hawana. Tunawapima utendaji wa jeni kwenye damu, kwa sababu huo hubadilika kabla mtu hajaugua. Utafiti uliofanyiwa vijana wa Afrika Kusini, ukachapishwa 2016, ulitumia jeni 16 na kuwanasa kama 66 kati ya kila 100 waliokuja kuugua ndani ya miezi 12. Mwaka huohuo, kwa kima walioambukizwa TB makusudi, mabadiliko ya mapema ya jeni za damu yalionekana kwenda sambamba na ukali wa uvimbe wa mapafu.

Tunachopima ni RNA, yaani nakala ambazo jeni hutoa zikifanya kazi. Ila RNA haina subira. Kwenye mrija wa kawaida wa EDTA, wenye dawa ya kuzuia damu isigande tu, chembe bado ziko hai: jeni hii inapanda, ile inashuka, na mashine mwishowe inapima safari badala ya mgonjwa. PAXgene ina dawa inayopasua chembe papo hapo na kuishikilia RNA ilivyokuwa mkononi mwa mtu. Chota mililita 2.5, uwe mrija wa mwisho, uushike chini ya mkono wa mgonjwa dawa isije ikarudi mshipani, kisha upindue taratibu mara 8 hadi 10. Damu itageuka kahawia. Wauguzi wapya hushtuka, ndivyo inavyotakiwa.

Tatizo ni joto. Maelekezo yanatoa siku 3 kwa nyuzi 18 hadi 25, au siku 5 kwenye friji. Februari hapa mchana unapita nyuzi 30, kwa hiyo hizo siku 3 mimi sizihesabu kabisa. Friji, basi. Ukigandisha, tumia raki ya waya, mirija ikiwa wima, kwanza nyuzi 20 chini ya sifuri, ndipo 70. Kwenye raki ya povu hupasuka.

Kampuni moja ya usafirishaji iliwahi kuacha sanduku letu juani hadi barafu ikaisha. Tukarudi kuwatoa damu familia nzima. Mama mwenye nyumba akaniuliza, "Daktari, ile ya kwanza mmeipeleka wapi?" Iliniuma sana, maana alitukubalia watoto wake wote.

Nyota 4 kati ya 5. Wenye friji ya uhakika, nunueni bila wasiwasi. Kama umeme wenu hukatika ovyo, nunueni kwanza friji ya sola.