Kufundisha mahakama maalumu: mchoro wa ngazi au mgogoro wa shamba?

Mchoro wa ngazi za mahakama za Tanzania ubaoni una faida yake. Kwa kipindi kimoja mwanafunzi anaziona divisheni, yaani vitengo maalumu, za Mahakama Kuu, kama Ardhi, Kazi, na Biashara iliyoanza 1999. Mtihani ukiuliza, atazitaja. Ukimuuliza kwa nini ardhi imepewa njia yake, hunyamaza.

Njia ya pili huanza na mgogoro. Majirani wawili kijijini, wilayani Rungwe, wanagombania mpaka wa shamba la migomba. Waanzie wapi? Darasa linaunda baraza la ardhi la kijiji, watu saba, na sheria inataka angalau watatu wawe wanawake. Nafasi hizo zisiachwe kuwa za jina tu, wasichana wazungumze. Baraza hilo husuluhisha, halihukumu. Tangu marekebisho ya 2021 hata baraza la kata limebaki na usuluhishi. Wakishindwa kupatana, wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mwenyekiti huketi na wazee wa baraza na kusikiliza maoni yao kabla ya kuamua. Rufaa huenda Mahakama Kuu.

Kisha mwalimu abadilishe jambo moja: wagombanao ni ndugu, na shamba ni la marehemu baba yao, halijagawanywa. Sasa ni mirathi, na mirathi ya kimila huanzia Mahakama ya Mwanzo. Mchoro haufundishi tofauti hiyo, na watoto wa wakulima wataihitaji.

Vipindi vitaongezeka, kweli. Mimi ningeanza na shamba, mchoro uchorwe na wanafunzi wenyewe baadaye.