Vifaa vya kusafishia reli za treni za mfano: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Malalamiko ya wenye treni za mfano yanafanana: reli zimesuguliwa hadi zikang'aa, na siku chache baadaye kichwa cha treni kinasitasita kwenye swichi (pale reli zinapogawanyika), taa zinapepesa, na kwa wanaotumia DCC, yaani mfumo wa kuendesha treni kidijitali, sauti inakatika. Wengi hulaumu injini, ilhali cha kulaumiwa mara nyingi ni kile walichosugulia.

Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni kama kifaa kinaacha mikwaruzo. Ule uchafu mweusi ni mchanganyiko wa vumbi, mafuta na oksaidi zinazotokana na cheche ndogo kati ya gurudumu na reli. Penye mkwaruzo gurudumu haligusi vizuri, cheche huongezeka, na uchafu hujificha kwenye michirizi ambako kitambaa hakifiki. Mulika reli kwa tochi kutoka ubavuni, utazame kwa kioo cha kukuzia; michirizi utaiona.

Namba moja kwangu ni CMX, na sioni haya kuipendelea. Ni behewa la tangi la shaba njano, zito, lenye skrubu juu ya kurekebisha matone na kitambaa chini kinachopangusa reli. Jaza tangi kidogo tu, fungua skrubu hadi kitambaa kiwe na unyevu bila kuchuruzika, kisha lisukume kwa kichwa chenye nguvu. Kitambaa kikiwa cheusi, badilisha. Ndani tia spiriti ya petroli isiyo na harufu (odorless mineral spirits), si petroli ya gari. Alkoholi ya isopropili inasafisha, lakini uchafu hurudi mapema. Usitie asetoni, inayeyusha mataruma ya plastiki. Fungua madirisha, maana vimiminika hivi vinashika moto.

Ya pili ni behewa la Roco lenye pedi ya kusugulia. Linafaa kwa vumbi na oksaidi nyepesi, ila si la kila siku, kwa sababu pedi yenyewe inakwaruza kidogo.

Ya tatu, kifutio cha Peco, kwa sehemu sugu tu. Ukishakitumia, ondoa mikwaruzo yake: piga reli msasa laini sana, kisha isugue kwa washa (kile kipete bapa cha bolti) ya chuma cha pua hadi ilainike.

Vya bei poa: msasa wa kawaida, hapana. Stilwaya ndiyo mbaya kuliko vyote. Nyuzi zake huvutwa na sumaku ya mota na kuleta shoti.

Reli safi haidumu chini ya magurudumu machafu. Kunja karatasi ya jikoni, ilaze juu ya reli zote mbili, ilowanishe kwa isopropili. Weka seti moja ya magurudumu ya kichwa juu ya karatasi, nyingine ibaki kwenye reli ipate umeme. Shika bodi ya kichwa, washa kwa kasi ya wastani hadi karatasi iache kuweka mistari myeusi, kisha geuza. Usiloweshe ringi za mpira zilizovishwa kwenye baadhi ya magurudumu. Magurudumu ya plastiki ya mabehewa yang'oe, weka ya chuma. Kwa treni za Kimarekani za HO (skeli ya 1:87), magurudumu yanayoiga yale halisi ya inchi 33 yana kipenyo cha milimita 9.6 hivi, lakini pima urefu wa ekseli kwanza.

Kinachoudhi ni vichupa vya “dawa maalumu ya reli”. Vingine ukisoma lebo, ni isopropili ile ile ya duka la dawa, imepigwa picha ya treni na bei imepaa. Muuzaji asiyetaka kukwambia kilichomo, mrudishie chupa yake.