Taa ya LED Isiyokwaruza Redio: Ipi Ununue Ukiwa Moshi au Arusha

Malalamiko ninayoletewa kuhusu taa za LED yanafanana kiasi kwamba naweza kuyamalizia kabla msimulizi hajafika mwisho. Mtu amebadilisha taa zote za nyumba kwa mkupuo, amefurahia mwanga na uniti za LUKU zinazokaa muda mrefu, kisha akagundua kwamba redio iliyokuwa safi asubuhi inaanza kuunguruma giza likiingia. Mzee mmoja wa Kibosho alinunua antena mpya, akaita fundi redio, fundi akabadilisha spika, na mkwaruzo ukabaki palepale, ukija saa moja jioni na kuondoka watu wakienda kulala. Hakuna aliyeishuku taa, kwa kuwa taa ilikuwa inawaka vizuri.

Kwa sababu hiyo sitapoteza nafasi kwa mambo ambayo kila boksi linajieleza lenyewe: wati, rangi ya mwanga, ya pini au ya kuzungusha. Faida ya kubadilisha nayo inajulikana. Globu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hula uniti 9 kwa mwezi, ilhali LED ya wati 9 yenye mwanga wa kiasi hichohicho hula uniti 1.35. Nyumba yenye globu sita za aina hiyo ingemaliza uniti 54 kwa taa peke yake, jambo zito kwa mteja anayejitahidi asivuke uniti 75 kwa mwezi ili abaki kwenye bei nafuu ya TANESCO. Kwamba tubadilishe, hilo limekwisha. Lililobaki ni kuchagua taa ambayo haitamnyima mtu taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Kelele haitoki kwenye vile vipande vya njano vinavyotoa mwanga. Inatoka kwenye draiva, yaani kile kibao kidogo kilichofichwa kwenye shingo ya taa, ambacho kazi yake ni kuupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza uwe mkondo mdogo ulionyooka ambao LED inaweza kuutumia. Draiva nyingi hufanya kazi hiyo kwa kuukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mkato huzaa mawimbi, na mawimbi hayo huzaa mengine yenye kasi mara mbili, mara tatu, mara kumi, hadi yanaingia kwenye masafa ya kati (MW), masafa mafupi (SW) na, kwa taa mbaya zaidi, FM yenyewe. Waya wa nyumba, kuanzia holda hadi swichi na kuendelea hadi mita, unageuka kuwa antena ya kurusha kelele hiyo vyumba vyote. Ndiyo maana taa ya varandani inaweza kumsumbua anayesikiliza redio jikoni.

Dawa yake inajulikana na haina gharama kubwa: koili moja au mbili, yaani waya uliozungushwa, na kapasita ya kuchuja, vinavyowekwa mahali umeme unapoingilia kwenye draiva ili kelele isirudi kwenye waya za nyumba. Nimewahi kuifungua taa moja ya bei ya chini iliyokufa, nikaukuta ubao wake umechapwa vizuri kabisa, pamoja na duara na herufi L1 kuonyesha mahali pa koili. Koili haikuwapo. Kwenye matundu yake kulikuwa na kipande cha waya mtupu kilichochomelewa kwa risasi huku na huku ili umeme upite. Mahali pa kapasita ya kuchuja palikuwa wazi. Aliyeuchora ubao ule alijua kinachotakiwa. Aliyeutengeneza aliamua kwamba mnunuzi hatafungua. Hata hivyo taa ilikuwa imewaka kwa miezi, na mtu asiye na redio angeiita taa nzuri.

Kipo kiwango cha kimataifa kinachohusu jambo hili. Kamati ya CISPR, iliyoundwa mwaka 1934 kwa ajili ya kudhibiti kelele za redio, ina kiwango nambari 15 kwa vifaa vya mwanga, na Ulaya kinaitwa EN 55015. Ukikuta moja ya nambari hizo kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelezo, ni dalili njema, ingawa wino hauna gharama na alama ya CE, ile ya kudai bidhaa imetimiza masharti ya Ulaya, ambayo mtengenezaji hujiwekea mwenyewe, imechapwa hata kwenye taa ambazo zisingestahimili kipimo chochote. Asije mtu akadhani haya ni manung'uniko ya wazee wenye redio za mbao. Agosti 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari ya usalama baada ya kupokea taarifa kwamba taa za LED kwenye meli zilivuruga redio za VHF na mfumo wa kutambulisha meli, na wakawashauri manahodha wajipime kwa njia rahisi: tafuta mahali pasipo na kituo, washa taa, sikiliza.

Njia hiyohiyo inatutosha huku mlimani. Chukua redio ndogo ya betri, ile isiyochomekwa ukutani, uiweke kwenye masafa ya kati mahali pasipo na stesheni, uisogeze karibu na taa kiasi cha mkono mmoja. Washa, zima, washa tena. Taa tulivu haibadilishi chochote kwenye ule mvumo wa kawaida. Taa chafu huleta mlio mkali au muungurumo ambao huwezi kuukosea. Kisha rudi hatua tatu. Ikiwa kelele inakufuata kwenye kila ukuta wenye waya, taa hiyo haifai kuwa ndani. Kwa FM, pima kwenye stesheni dhaifu, si ile yenye mnara unaouona kutoka mlangoni, kwa kuwa stesheni yenye nguvu huifunika kelele. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya mtu wa katikati ya mji wa Moshi aisifu taa ileile ambayo mtu wa bonde la Uru au wa Marangu, anayenasa stesheni kwa kubahatisha, anailaani. Na kabla hujailaumu taa, zima swichi kuu ya nyumba huku redio ya betri ikiendelea kulia. Kelele ikibaki, mwenye kosa ni jirani, au chaja yake ya simu, au inveta yake ya sola.

Sasa upangaji wa taa zenyewe, nami sitajifanya sina upande.

Nafasi ya kwanza naipa Philips, ile taa ya kawaida nyeupe yenye lumeni 806 inayochukua nafasi ya globu ya wati 60. Ninazo chumbani na sebuleni, na redio ya masafa ya kati inakaa juu ya kabati chini ya taa bila kulalamika. Nakiri kwamba mapenzi yangu yana historia, kwa kuwa jina hilo liliwahi kuunganisha redio papa hapa Arusha, na huwa najiambia kwamba kampuni iliyojua redio inajua pia cha kuikera. Hiyo si hoja ya kitaalamu. Ya kitaalamu ni kwamba draiva zao nilizozifungua zina koili na kapasita mahali pake. Neno moja kwa wanaoogopa bandia: tangu mwaka 2018 kitengo cha taa cha Philips kinaitwa Signify, hivyo ukiona jina hilo kwa maandishi madogo kwenye boksi usirudishe taa ukidhani umepigwa. Boksi lenye tahajia mbovu, maandishi yanayofutika kwa kidole na taa nyepesi kama ganda la yai ndilo la kushuku.

Nafasi ya pili ni taa za LED za nyuzi, zile za kioo zinazofanana na globu ya zamani, ukizipata za jina linaloeleweka kama Osram au Philips haohao. Shingo yake haina nafasi ya kibao kikubwa, na nyingi hutumia draiva rahisi isiyokata umeme kwa kasi, kwa hiyo hakuna kelele ya kuchuja. Si zote, na ndiyo maana redio ya mfukoni haibaki nyumbani. Zinavunjika, jambo la kukumbuka kwenye nyumba yenye watoto.

Ya tatu ni Tronic, kwa sababu inapatikana karibu kila mahali na duka linaloiuza mara nyingi liko tayari kuandika waranti. Nilizofunga jikoni hazijasumbua FM. Nunua moja, ipime, ndipo urudi kuchukua nyingine za modeli ileile.

Za bei ya chini, zile za shilingi 2,000 hivi zinazouzwa mezani, nazipa aya hii moja. Baadhi yake ni tulivu kuliko taa ghali, si kwa wema wa mtengenezaji, bali kwa sababu draiva yake ni duni mno kiasi kwamba haikati umeme kabisa. Utazitambua siku umeme ukishuka: jirani akianza kuchomelea geti, taa za aina hiyo hufifia naye, ilhali zenye draiva ya kukata hushikilia mwanga uleule. Ubaya wake ni kwamba nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, jambo unaloweza kuliona kama mistari kwenye kamera ya simu, na sizipendekezi mahali pa kusomea. Kwa choo na stoo zinatosha.

Taa za kuchimbiwa kwenye dari la jipsamu ni habari nyingine, na hapa ndipo nyumba mpya za Njiro na Shanty Town zinapoumia. Zile ndogo za volti 12 hutegemea transfoma ya kielektroniki iliyolala juu ya dari, pamoja na waya mrefu kati yake na taa, na mchanganyiko huo ni miongoni mwa vyanzo vibaya zaidi vya kelele vinavyoweza kuwa ndani ya nyumba. Kama bado hujajenga, mwambie fundi akuwekee za volti 230 moja kwa moja, tena chache. Kama umeshajenga, bei ya kuzibadilisha unaijua mwenyewe.

Mkia naziachia taa za chaji, zile zinazobaki zikiwaka umeme ukikatika. Najua kwa nini tunazipenda. Lakini ndani ya plastiki moja kuna draiva, chaja na betri, vyote vimebanwa kwa bei ya kukimbizana, na kila niliyoipima imeifanya redio iungurume hata swichi ikiwa imewashwa mchana kwa ajili ya kuchaji tu. Weka moja kwenye korido, usiweke sita.

Linalonikera zaidi ni jinsi zinavyouzwa. Nilimwomba muuzaji wa duka moja la vifaa vya umeme mjini anijaribishie taa kwenye ule ubao wake wenye holda, nikatoa redio yangu. Akaniangalia. "Mama, mimi nauza mwanga, redio nenda kwa fundi redio." Taa ikawaka, yeye akatosheka, na kwenye ukuta nyuma yake kulikuwa na tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Waranti nyingi ni tarehe inayoandikwa kwa maka pen kwenye shingo ya taa, na hiyo husaidia taa ikifa. Ikikwaruza, muuzaji atakuonyesha kwamba inawaka na mazungumzo yataishia hapo. Ongeza kwamba taa ya shilingi 7,000 na ya shilingi 2,000 mara nyingine zimekaa kwenye rafu moja, boksi zimeigana rangi, na anayeuza hana namna ya kukueleza tofauti zaidi ya "hii ni orijino". Kwa hiyo dai risiti ya EFD iliyoandikwa jina la taa, kubalianeni kabla ya kulipa kwamba ikisumbua redio utairudisha siku hiyohiyo, na akikataa nenda duka la pili. Bandia zenye jina la mtu mwingine ni suala la Tume ya Ushindani, na alama ya TBS kwenye boksi ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza maswali.

Kwa aliyekwisha kununua boksi zima, si lazima azitupe. Redio ya masafa ya kati ina antena ndani yake yenye mwelekeo, hivyo izungushe taratibu juu ya meza na utakuta pembe ambayo kelele inafifia huku stesheni ikibaki. Tumia betri badala ya waya wa ukutani, na iweke mbali na ukuta uliopitishwa nyaya. Pete ya feraiti, ile unayoiona kama kijibonge kwenye waya za kompyuta, husaidia kidogo kwenye masafa mafupi na FM ukiizungushia waya wa taa mara kadhaa karibu na holda, kazi ya kufanywa na fundi umeme huku swichi kuu ikiwa imezimwa; kwenye masafa ya kati usitarajie makubwa. Taa zilizobaki na kelele zihamishie uani, getini au kwenye banda la ng'ombe, mradi anayekamua asiwe na redio yake huko.