Albamu ya picha: kabla hujatoa hela, uliza kama picha itatoka

Nianze na picha ya bibi yangu maana bila hiyo nisingekaa kuandika haya. Marehemu bibi, Mungu amrehemu, alipigwa studio hapahapa Tanga mjini, kakaa kwenye kiti, kajitanda mtandio wake, nyuma yake pazia lililochorwa minazi (Tanga hii imejaa minazi lakini ilibidi ichorwe). Nakala ni moja tu, negativu hakuna anayejua ilikoishia. Miaka kama saba iliyopita nikaitia kwenye albamu niliyonunua Ngamiani, ile ya kurasa zenye gundi, unafunua nailoni, unabandika, unafunika, umemaliza. Nikajiona nimeokoa historia ya ukoo mzima.

Mwezi uliopita shangazi akaiomba, tuiskani tuikuze iwekwe ukumbini siku ya hitima. Nikavuta pembe. Haikuja. Nikapitisha kisu cha siagi kwa nyuma, taratibu kabisa, ikaanza kuja, nikafurahi, mara nikasikia kale kasauti ka karatasi kuchanika. Ngozi ya juu ilikuja mkononi, imekatika pale shavuni, na shavu lenyewe na kipande cha mtandio vimebaki kwenye ukurasa. Shangazi hakusema neno, alichukua kikombe chake cha chai akahamia uani. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo mwongozo huu haukwambii albamu ipi ina kava zuri, sijui ina kurasa ngapi, sijui inaingia picha mia mbili. Hayo utayaona mwenyewe dukani, una macho. Mi nina swali moja tu na nimekuwa mwehu nalo: picha ikishaingia, siku nikiitaka inatoka? Sisi watu wa Tanga tuna usemi wetu wa waja leo waondoka leo, basi mi nataka albamu ya namna hiyo, picha ije leo na ikitaka kuondoka leo iondoke na shavu lake.

Na usidhani ni gundi peke yake. Uso wa picha ya studio umepakwa jelatini, kitu kinachotokana na mifupa na ngozi za wanyama, na jelatini ikikutana na unyevu inavimba, inalainika, inakuwa na unato. Sasa fikiria masika yetu, Machi mpaka Mei, chumvi na kiberiti vinaloa, nguo haikauki siku mbili, viatu vya kabatini vinaota koga, halafu picha yako imebanwa uso kwa uso na nailoni laini. Inaganda. Ndo maana hata zile za ukutani zilizogusana na kioo cha fremu ukizitoa baada ya miaka zinaacha uso wao kwenye kioo. Kwa hiyo mtu wa Dodoma akikwambia albamu yake ya gundi haina tatizo muitikie tu, ila usinunue kwa ushauri wake.

Kitu cha pili ni nailoni yenyewe. Kuna plastiki ya PVC, ile ambayo ukiifungua inanuka kama kitambaa kipya cha meza cha plastiki. Harufu hiyo ni dawa zinazolainisha plastiki zikitoka, zinaendelea kutoka miaka na miaka, na PVC ikizeeka inatoa asidi pia. Picha zako zimelala humo. Plastiki nzuri ni polipropilini au poliesta, haina harufu, na ukiikunja ina kasauti kakavu ka krachakracha. Kwa hiyo dukani mi nanusa. Ndiyo, nanusa albamu, watu wananiangalia, na mimi nawaangalia.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni karatasi nene na pembe za picha, na hapa nasema wazi napendelea, sitaki kusikia kingine. Nanunua daftari la kuchorea la Canson, la waya, nalifanya albamu mwenyewe. Canson ni Wafaransa, wanahesabu historia yao tangu 1557, na kiwanda kile cha Annonay kilikuwa cha ukoo wa Montgolfier, haohao waliorusha puto la hewa ya moto mwaka 1783, kwa hiyo ukibandika picha ya send-off ya dada yako humo jua uko na watu wazito. Ila sikulipendea puto. Nalipendea kwamba wameandika kwenye kava kuwa karatasi haina asidi, na karatasi isiyo na asidi haigeuki njano na kukatikakatika kama gazeti la mwaka juzi. Tafuta ya gramu 160 kwenda juu, yaani uzito wa karatasi kwa mita ya mraba. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80, ukibandika picha nne ukurasa unajikunja wenyewe kwa aibu.

Pembe ndo siri yenyewe. Ni vile vipembe vidogo, gundi yake inagusa ukurasa tu, picha inachomekwa pembe zake nne na haiguswi na gundi hata chembe. Ukitaka kuitoa unaikunja kidoogo katikati, inachomoka. Za kununua zipo, HERMA wa Ujerumani wanatengeneza nzuri, lakini kuzipata huku ni mpaka mtu akuletee. Mi natengeneza kwa mkasi. Unakata karatasi upana sentimita 2 urefu 4, unatafuta katikati ya ule upande mrefu wa juu, unakunja kulia ishuke, unakunja kushoto ishuke, zikutane katikati, unapata pembetatu yenye mfuko. Gundi unapaka upande ule wa mikunjo, ndo unaolala kwenye ukurasa. Pembe nne kwa kila picha. Jioni moja umeme umekatika nilikata pembe sitini kwa tochi ya simu nikisikiliza majirani wanagombana kuhusu ndoo, nikalala nina amani ya ajabu.

Gundi ya hizo pembe natumia Pritt ya stiki, na napo sina la kujadili. Hao Henkel waliitoa mwaka 1969, wazo lilitoka kwenye lipstiki, na ukiizungusha utaona kweli ni lipstiki. Haina maji mengi kwa hiyo karatasi haifanyi mawimbi. Ila iguse karatasi, isiguse picha! Gundi nyeupe ya maji weka mbali, supaglu usiitaje, na ile ya uji wa ngano waliyokuwa wanatumia wazee wetu ni nzuri sana kwa mende, wataila na albamu wataitafuna.

Kasoro za namba moja zipo, sifichi. Waya unashika kutu kwa upepo wetu wa bahari, kwa hiyo kaa mbali na dirisha la upande wa maji. Pia daftari likijaa linafumuka kama andazi, dawa yake ni kuchana karatasi moja kila baada ya mbili kabla hujaanza. Na picha zisitazamane uso kwa uso, weka karatasi nyembamba isiyo na asidi katikati, ama bandika upande mmoja tu.

Namba mbili ni albamu ya mifuko, ile ya kuchomeka picha za 4 kwa 6, yaani sentimita 10 kwa 15. Picha inatoka, hilo naipa. Ila mfuko lazima uwe wa polipropilini, na hata huo nafungua mara moja moja hasa baada ya masika, nazitoa picha zipunge hewa saa nzima kivulini, siyo juani, maana kwa unyevu wetu zinaweza kushikana na plastiki hata bila gundi. Shida yangu nyingine na mifuko ni kwamba huna pa kuandika, na kumbukumbu bila maneno baada ya miaka ishirini ni picha ya watu usiowajua wamesimama mbele ya gari usilolijua. Kama unamwekea mama yako zile za safari ya Pangani na hana muda wa mkasi, mnunulie hii.

Namba tatu, mwisho kabisa, na naiweka hapa ili watu wasiniulize kwa nini sijaitaja, ni albamu ya gundi. Usinunue. Kama tayari unayo usivute picha kama mimi. Kwanza ipige picha kwa simu ikiwa palepale kwenye ukurasa, mwanga wa dirishani, ili likitokea la kutokea una nakala. Halafu chukua mshipi, ule uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia, sisi hatuna shida ya kuupata, uupitishe nyuma ya picha kuanzia pembe moja, shika huku na huku, vuta kama unakata sabuni ya mche. Pole pole. Usikunje picha, kunja ukurasa. Ikigoma iache, kata ukurasa kuizunguka uitunze hivyohivyo. Laiti ningelijua hili kabla ya kisu cha siagi.

Kauntabuku na selotepu: kwa kazi ya shule sawa. Selotepu inageuka njano, inakauka, inadondoka na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Nimemaliza.

Kuna kitu sijakiona mtu anakisema na wapenzi wa kutunza kumbukumbu tunaumia nacho. Tiketi, risiti, kile kikaratasi cha boti ya kwenda Unguja. Risiti za mashine zinachapishwa kwa joto, hazina wino, ukizibandika baada ya mwaka mmoja miwili unabaki na kikaratasi cheupe kitupu. Mi nina ukurasa mzima wa safari ya kwanza na mume wangu wenye vikaratasi vitano havina hata herufi, anasema labda hatukusafiri. Toa fotokopi kwanza, bandika fotokopi.

Sasa wauzaji. Jamani wauzaji. Nimezunguka Ngamiani barabara kwa barabara, nimefika mpaka kwenye steshenari za karibu na Mkwakwani, na kila albamu imefungwa nailoni kavu, ukiomba kufungua unaambiwa ukifungua umenunua. Sasa mimi nitajuaje kama ni ya gundi au ya mifuko au inanuka? Nikamuuliza kijana mmoja, mdogo wangu hii karatasi haina asidi? Akanitazama kwa huruma akasema, "Dada, hii ni albamu, siyo betri ya gari." Nikacheka mpaka nikasahau kukasirika, lakini hela sikutoa.

Wa mtandaoni ndo usiseme. Picha nzuri, maua pembeni, unauliza bei unajibiwa njoo inbox, unaenda inbox unaulizwa uko wapi, ukisema Tanga bei inapanda kana kwamba Tanga ni Komoro. Daftari langu la Canson naagiza kwa mtu wangu wa Kariakoo, linapakiwa kwenye basi, nalifuata stendi ya Kange, na nauli ya mzigo ukijumlisha na bajaji ya kurudi nyumbani inakaribia robo ya bei ya daftari. Ndiyo maana naagiza matatu kwa mpigo. Na ukiagiza mwambie mtu wako akupigie picha ya kava karibu, asome maneno, maana mara moja nililetewa daftari lenye kava la rangi ileile, limepangwa herufi kwa kufanana, kulifungua karatasi ni gazeti lililooga.

Na usidanganyike na neno orijino. Hapa kwetu orijino maana yake muuzaji ameamka vizuri.

Kama unaanza leo na una elfu kumi na tano tu, usikimbilie albamu yoyote. Nunua Pritt moja, karatasi manila nyeusi mbili, mkasi unao. Katakata manila saizi ya A4, toboa, funga na utepe. Manila haijaandikwa kama ina asidi au haina, kwa hiyo weka humo zile picha ulizoprinti jana ambazo simu bado inazo, zile za zamani za nakala moja ziache kwenye bahasha mpaka ununue karatasi ya maana. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya biki inachora mfereji unaotokea mbele, usoni kwa mtu.

Picha ya bibi fundi mmoja ameirudisha kwa kompyuta, kashavu amekaazima upande wa pili, kwa hiyo sasa bibi ana shavu la kushoto mara mbili. Shangazi anasema anafanana na dada yake. Kipande halisi nimekikata pamoja na ukurasa wake, kipo kwenye bahasha.

Jana nimepita duka lilelile. Albamu ileile ya gundi imetundikwa mlangoni, kava la mawaridi, bei imepanda elfu mbili.