Seva ya ofisini au ya kukodi? Kwa vyama vya ushirika Tanga

Ukinunua seva yako, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima, mafaili yanakaa hapohapo ofisini, na hata intaneti ikikatika unayafungua. Hilo si jambo dogo. Lakini seva inataka ubaridi usiku na mchana, betri za kuihimili umeme unapokatika, na mtu wa kusasisha programu. Hewa yetu ya chumvi nayo hula vyuma taratibu.

Seva ya kukodi inayosimamiwa na wataalamu, tuseme yenye Nextcloud, programu huria ya kutunza na kuhariri mafaili kupitia intaneti, iliyoanza 2016, inakuondolea mzigo huo. Katibu aliye Pangani na mwenyekiti aliye Chumbageni wanahariri muhtasari uleule, na mtu akiuharibu, toleo la awali linarudishwa. Gharama yake ni ada ya kila mwezi au mwaka.

Kwa ofisi isiyo na fundi wake, mimi nachagua hii bila kusita. Ila kabla ya kusaini uliza: nakala rudufu zinakaa wapi, na tukihama tunapewaje mafaili yetu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakibana chama kinachokusanya taarifa za wanachama, hata kama seva ni ya mwingine.