Kioo cha mbele cha Toyota IST: kioo nimenunua kimoja, mafundi nimelipa wawili

Jiwe lilinikuta nimeshapita Chalinze, natoka Morogoro narudi Dar. Mbele yangu lori la kokoto, halina turubai, na mimi nimeligandia nyuma nikitafuta upenyo wa kulipita. Ta! Kikatokea kidoa upande wa abiria, kidogo kama punje ya mchele. Nikajisemea si kitu. Kufika Mbezi foleni imesimama, jua la saa nane, nikafungulia kiyoyozi mpaka mwisho, upepo wa baridi ukipiga kioo kilichokuwa moto kama kikaango. Kidoa kikaanza kutembea. Naingia Ubungo ufa umeshafika katikati ya kioo.

Hapo kosa ni langu. Kidoa kile kingejazwa kwa resini, ile gundi angavu ya kuzibia vioo, siku hiyohiyo, na kazi ingekuwa ndogo. Ufa ukishakuwa mrefu, hasa ukigusa ukingo, hakuna cha kujaza tena. Kuna jirani aliniletea supagluu. Nilimshukuru nikairudisha.

Gari yangu ina bima ndogo, ile inayolipa hasara za watu wengine tu, kwa hiyo pa kudai sikuwa napo. Wenye bima kubwa wasome kipengele cha kioo kabla hawajafurahi, kwa kuwa mara nyingi kina kikomo chake cha fedha.

Nikaenda Gerezani, Kariakoo. Kioo cha IST hakisumbui kupatikana, gari zenyewe zimejaa mjini kama daladala. Kulikuwa na cha mtumba kilichotolewa kwenye gari la Japani, kimeandikwa LAMISAFE pembeni kama kile changu cha zamani, 120,000. Na kulikuwa na kipya cha Mchina chenye chapa ya XYG, 170,000. Cha mtumba nilikitamani kwa sababu ni kama kilichokuja na gari, lakini nilipokiinamisha juani nikaona mikwaruzo ya wipa, upinde kwa upinde. Mchana huioni. Usiku taa za gari linalokuja zikipiga pale, unaona ukungu mtupu. Nikachukua kipya. Hakikisha tu ni kioo cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, kile ambacho hata kikipasuka kinabaki kimeshikana. Vya milangoni ni aina nyingine, vinamwagika kama chumvi ya mawe.

Fundi wa kwanza nilipewa na muuza duka. Kijana mchangamfu, mikono myepesi. "Dada, nusu saa tu unaondoka." Akasema kweli, ilikuwa nusu saa. Alikata gundi ya zamani kwa waya na kisu, akaacha mikwaruzo kwenye rangi ya fremu, na kona ya chini kulikuwa na kutu ambayo hata mimi niliiona. Akapaka gundi juu ya kutu, akabandika kioo, akapokea 35,000. Gundi gani? Sikuuliza. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza foleni ya kurudi Tegeta.

Kabla ya mvua nilisikia filimbi tu nikifika spidi 80. Masika yalipoanza, zulia la upande wa abiria likalowa mpaka ukikanyaga linatoa maji, na gari ikanuka soksi. Nikapiga simu. "Hiyo ni raba tu dada, nakuja kesho." Kesho hiyo bado naisubiri.

Fundi wa pili ni mzee mmoja huku kwetu Tegeta, ana kibanda chake chini ya mwembe. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku ameshainamia kona ya kioo. Akabonyeza kwa kidole gumba, gundi ikavutika kama bigijii. "Mwanangu, hii silikoni. Hii ni ya bafuni na madirisha ya aluminiamu." Faida ya uzembe ule ilikuwa moja: kioo kilitoka kizima, hakikuhitaji kupigana nacho.

Yeye alitumia nusu saa kwenye kutu peke yake. Akasugua mpaka chuma kikang'aa, akapaka praima, dawa ya kusaidia gundi ishike, kwenye fremu na kwenye ukingo wa kioo, akakaa akanywa chai ikauke. Gundi yake ni ya poliyurethani, inakuja kwenye mfuko mrefu kama soseji, na alinionyesha tarehe ya mwisho wa matumizi bila kuombwa. Aliikamua mstari mmoja mnene wenye umbo la pembetatu, kuzunguka fremu yote bila kukata. Nikamwuliza kwa nini hapumziki. Akasema pale mkono unapokatika ndipo maji yanapopitia. Kijana wake akashika upande mmoja, wakakilaza kioo, wakakifunga kwa tepu.

Kisha akanikataza kuondoka. Gundi ile inakauka kwa kunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo joto na jasho la Dar kwa mara ya kwanza vilinifaa, lakini bado inataka muda. Nililiacha gari mpaka kesho yake, kioo cha mlango kimeshushwa kidogo ili mtu akibamiza mlango hewa isisukume kioo nje. Nilipolalamika kwamba ni usumbufu, alinionyesha dashibodi upande wa abiria: mfuko wa hewa wa pale ukilipuka unaegemea kioo cha mbele. Kioo kikiwa kimeshikwa na silikoni, kinatoka nao. Niliwaza mwanangu anayekaa kiti kile, nikanyamaza.

90,000 pamoja na gundi. Kesho yake alinyunyizia maji kwa mpira karibu dakika kumi, mimi nimekaa ndani na tochi. Hakuna tone.

Sasa lawama zake. Aliniambia saa tatu, akaanza saa sita. Vishikizo viwili vya plastiki ya chini ya wipa vilivunjika, akafunga kwa waya. Kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kilidondoka baada ya wiki, nikarudi akakibandika bure. Bado nampa nne kwa tano, na tano angepata kama angekuwa na saa ya mkononi.

Kitu ambacho hakuna fundi aliyenikumbusha ni stika. Ile ya Nenda kwa Usalama, ya ukaguzi wa gari wa polisi, ilikwenda na kioo cha zamani Gerezani. Juzi trafiki akanisimamisha, bima akaikagua kwa namba ya gari kwenye simu, ikakubali. Akahamia kwenye kioo. "Mama, mbona cheupe hivi?" Nikaanza kumsimulia kuanzia Chalinze. Nilipofika kwenye silikoni akanirudishia leseni, akasema na yeye ana Spacio inayovuja, huyo mzee yuko Tegeta ipi?